Wachukuzi wa Nyumba ya Kirene

I

Naelijwa Mbwambo aliamka akiwa hoi kuliko alivyolala. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akavaa sweta, akavaa na jingine juu yake, kisha akabaki ameshika soksi mkononi kama mtu aliyesahau miguu yake iko wapi. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Ng'ambo ya ua, chumbani kwa Mzee Yoeli, hakukusikika kilio. Kwa hiyo alijua kwamba Mchungaji bado amevaa nira. Mchungaji huyo moyo wake ulikuwa mbovu, madaktari walikwisha kumkataza hata kunyanyua ndoo ya maji, na sasa alikuwa anamsubiri yeye.

Alivaa soksi, akaenda.

Alimkuta Mchungaji Elifasi Mchomvu amekaa kwenye kiti cha mbao kando ya kitanda, jasho likimtiririka katika baridi ile, midomo imekuwa na rangi ya majivu. Shingoni alikuwa na utepe wa kijivu, mwembamba kama futi ya fundi cherehani. Mgonjwa mwenyewe, Mzee Yoeli Senkondo, mwenye utepe kama huo, alikuwa ameegemea mito akinywa uji wa tangawizi. Mgeni angeingia chumbani humo, angempa pole Mchungaji.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mvue huyu baba kabla hajanifia hapa."

Naelijwa alipiga magoti nyuma ya kiti. Sehemu hii wote watatu waliichukia. Kati ya shingo moja na nyingine kulikuwa na pumzi kadhaa ambazo mzigo ulirudi kwa mwenyewe, na hapakuwa na namna ya kuzikwepa. Mzee Yoeli aliweka kikombe chini, akashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Naelijwa akafungua kifungo. Mchungaji akalegea kama gunia. Na kutoka kitandani ukatoka mlio ambao haukuwa wa mtu wala wa mnyama, ukaendelea, ukaendelea, mpaka Naelijwa alipobana utepe kwenye shingo yake mwenyewe na kusikia zile nyuzi zikitafuta njia kwenye uti wa mgongo.

Ulikuja. Ulianzia nyayoni kama kawaida, ukapanda ndani ya mifupa ya miguu, ukafika kiunoni, ukawaka. Watu waliuita ugonjwa huo kiberiti, kwa sababu neva ziliwaka moja baada ya nyingine kama njiti ndani ya kasha. Dawa zote za maumivu zilipita juu yake kama maji juu ya jani la mgomba. Zile kali kabisa zilimlaza mgonjwa, naam, lakini usingizini humo pumzi zilisahau kurudi.

Naelijwa aliuma kitambaa. Alipokitoa mdomoni, Mzee Yoeli alikuwa amechukua kikombe chake tena, na mkono wake ulikuwa umetulia.

"Pole," akasema mzee.

"Nimeshapoa. Maliza uji."

Nira zilikuwa mbili siku zote, moja ya mgonjwa na moja ya mchukuzi. Nyuzi za mgonjwa zilisoma maumivu kabla hayajafika kichwani, na za mchukuzi zikayaandika upya kwenye mwili mwingine. Waliozibuni walijaribu kwanza kuyapeleka maumivu kwenye mashine, yakafie humo. Hayakufa. Ubongo wa mgonjwa uliendelea kuyadai, ukayatengeneza upya maradufu, mpaka yalipopokelewa na ubongo mwingine ulio hai nao ukajibu kwamba yamefika, yako huku. Hapo ndipo ule wa kwanza ulipotulia. Maumivu hayapungui, walieleza wahandisi kwa sauti ya watu wanaoomba radhi, yanahama tu.

Wachukuzi walifundishwa wasikae bure. Naelijwa alivuta ungo wa maharage, akaanza kuchambua, jiwe huku, punje kule. Kila punje ilikuwa kazi. Mzee Yoeli alimtazama. Alikuwa dereva wa malori maisha yake yote, akiteremsha tangawizi kutoka milima hii ya Upare hadi bondeni, na alikuwa na macho ya dereva: yalitazama mbele, yakatazama kioo, yakarudi.

"Jana lilipita lile lori linalojiendesha," akasema. "Lilifika pale konani likasimama. Likafikiri. Likafikiri mpaka nikasinzia. Mimi kona ile nilikuwa naipita naimba."

Naelijwa alijaribu kucheka, ikatoka pumzi tu.

"Unavyouma hicho kitambaa," mzee akasema, "nilidhani ni mazoea. Mpaka Gideoni alipoanguka."

Gideoni alikuwa mchukuzi wa tatu. Alianguka jikoni, upande mmoja wa uso ukalegea kama nguo iliyolowa. Nduguze walikuja kumchukua bila kusema neno, na ukimya wao ulichoma kuliko matusi. Tangu hapo walibaki wawili, yeye na mchungaji mwenye moyo mbovu.

"Naelijwa."

"Abee."

"Nimempigia simu mtu wa Pumziko. Anakuja kesho. Nimeona nikuambie wewe kwanza, kabla ya Mchungaji, kwa sababu Mchungaji atanisomea."

Vidole vyake vilisimama juu ya ungo. Moto haukusimama.

"Mzee, wewe ni mzee wa kanisa."

"Ndiyo. Na nimekalia benchi la mbele miaka yote hiyo, nimesikia yote. Sitaki kufa kwa sababu naumwa, mwanangu. Mimi siumwi. Nitazame! Nakula, nacheka, nasikiliza kwaya redioni. Anayeumwa ni wewe."

II

Mchungaji alimkuta ghalani, amesimama akiegemea magunia. Ndani ya uzio wa nyumba ile nira zilisikilizana popote mchukuzi alipokuwa. Kwa hiyo alitembea na moto wake kama mwanamke anavyotembea na mimba, polepole, akishika vitu.

"Amekwambia?" akauliza Naelijwa.

"Amenambia. Sikumsomea." Mchungaji alikaa juu ya debe lililopinduliwa. "Nilitaka kumsomea, nikakosa pa kuanzia."

Pumziko lilikuwa huduma ya serikali. Ofisa alikuja na mkoba mdogo, akauliza maswali, akatoa kikombe. Miaka ya mwanzo ya kiberiti, kabla ya nira, watu walivinywa vikombe hivyo kwa mafungu, na nani angewalaumu? Kanisa ndilo lililowalaumu. Lilisema uhai si mali ya mtu hata aurudishe dukani ukimchosha. Lilikataa kuwazika. Elieza, kaka yake Naelijwa, alikuwa mmoja wao, akazikwa bila kengele wala wimbo, na mama yao aliimba peke yake kaburini mpaka sauti ikamkauka, wazee wa kanisa wakiwa wamesimama barabarani, upande wa pili wa ua, kofia mkononi.

Kisha mkutano mkuu wa dayosisi ulikaa, na katikati ya maazimio akasimama mama mmoja mjane, hakuwa hata mjumbe, akauliza: mnawakataza kufa, haya, nani basi atakaa nao? Hakujibiwa siku hiyo. Lakini swali halikutoka. Nira zilipopatikana, kanisa lilizichukua, likajenga nyumba mlimani, likaipa jina la mji wa yule mtu aliyekamatwa njiani akitoka shamba, akabebeshwa msalaba usio wake. Naelijwa, shemasi wa usharika, alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Alidhani anambeba Elieza.

"Unakijua kile kifungu cha sheria," Mchungaji akasema.

"Nakijua."

Waliokitunga walikiona ni cha huruma. Mtu anayeungua asiulizwe kama anataka kufa, kwa maana anayejibu si yeye, ni moto. Aulizwe akiwa ametulia. Ndiyo maana watu wengi waliulizwa mapema, kabla ugonjwa haujapanda. Mzee Yoeli wakati huo alikataa, akasema yeye na Pumziko hawajuani. Sasa ugonjwa ulikuwa umepanda mpaka juu, na njia ya kuulizwa akiwa ametulia ilikuwa moja tu: mtu mwingine aungue badala yake saa ile ofisa akiwa chumbani.

"Kesho," Mchungaji akasema, akiitazama mikono yake, "kama hakuna atakayevaa nira, ofisa ataondoka. Ndiyo sheria. Atamkuta mzee katika hali isiyoruhusu maswali. Atafunga mkoba. Akishatoka getini, unavaa."

Naelijwa alisubiri wimbi moja lipite mgongoni.

"Tumwache aungue ili tumzuie kufa."

"Kwa muda mfupi."

"Baba Mchungaji, umeshawahi kuwa mgonjwa wa kiberiti kwa muda mfupi?"

Mchungaji aliitazama tena mikono yake. Alikuwa mtu mpole, asiye na uongo, na uchovu ulikuwa umemkwangua mpaka ukabaki upole mtupu.

"Nimehubiri jambo hili miaka mingi," akasema baadaye. "Zamani nilikuwa nalijua lote. Kila mwaka linapungua. Najua kwamba mtu si bwana wa uhai wake. Hilo bado ninalo. Najua tukianza kuwapa vikombe waliochoka, kesho tutawapa wanaotuchosha. Hilo nalo ninalo. Lakini yule pale hasemi amechoka kuishi. Anasema anautoa uhai wake kwa ajili ya rafiki. Nami nimelisifu neno hilo mimbarini kila Ijumaa Kuu. Nimwambie nini?"

"Mwambie hatujamwomba autoe."

"Kweli hatujamwomba?"

Wimbi jingine likaja. Naelijwa alishika gunia kwa kucha, akaliacha lipite. Lilipopita alikuta Mchungaji amesimama mbele yake, mikono imenyooka, kama anayetaka kumshika asianguke lakini hajui amshike wapi.

"Sitakuamuru uvae, sitakuamuru uvue," akasema. "Sina ujasiri wa lolote kati ya hayo. Nisamehe."

Akatoka. Naelijwa akabaki na magunia. Jibu la swali la Mchungaji alilijua. Jumapili iliyopita, wakati usharika unaimba, yeye hakuwa ameimba. Alikuwa amefumba macho akisema: Bwana, mchukue. Mchukue wiki hii. Na hakuwa akimwombea mzee.

III

Ofisa alikuwa mwanamke mwembamba, jina lake Perpetua Mlay, amevaa kizibao cha kijani na viatu vilivyojaa tope la mlimani. Aliomba maji ya kunawa kabla ya kuingia. Alimwamkia mzee, akampa Mchungaji mkono, akamtazama Naelijwa shingoni, akaona utepe, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayepita mbele ya msiba.

Naelijwa alikuwa amevaa. Alfajiri alisimama nyuma ya Mchungaji kwa muda mrefu, mkono ukiwa kwenye kifungo cha nira, akafikiria ule mlio, akafikiria kuusikia kwa makusudi, akashindwa. Hakuwa ameamua lolote zaidi ya hilo.

"Mzee Yoeli Senkondo," ofisa akaanza, akiwa amekaa pale alipokaa Mchungaji jana, "nitakuuliza, nawe utanijibu kwa namna yako. Ukitaka ninyamaze, sema. Ukitaka niondoke, sema. Una maumivu sasa hivi?"

"Sina. Anayo huyu hapa."

"Unajua leo umeomba nini?"

"Naomba kikombe, mwanangu. Nimeendesha lori, najua breki ni nini."

"Kwa nini unakiomba?"

Mzee Yoeli alijiweka sawa kwenye mito. Alikuwa amenyolewa ndevu. Alikuwa amemwomba Mchungaji amnyoe, naye Mchungaji alimnyoa, machozi yakimdondokea kwenye povu.

"Kwa sababu naishi kwa mwili wa mtu mwingine," akasema. "Nimeshamwangusha mmoja. Huyu baba hapa moyo wake umebaki kidogo. Na huyu binti anaisha; namwona kila asubuhi amepungua. Mimi nimeshakula chumvi yangu. Nitakaa hapa nikinywa uji mpaka niwamalize wote, halafu mniite mwenye imani?"

Ofisa akaendelea. "Je, yupo mtu yeyote, kwa neno au kwa tendo, aliyekufanya uone kwamba kuwapo kwako ni mzigo?"

"Hakuna. Wote wamenitunza kama yai."

"Asante, Mzee." Akageuka. "Sheria inanitaka nimuulize na mchukuzi. Shemasi Naelijwa. Je, kwa neno au kwa tendo, umewahi kumwonyesha mzee kwamba umechoka naye, au kwamba ungependa aende?"

Lilikuwa neno dogo tu lililohitajiwa. Hapana. Kila mtu chumbani alikuwa amemwachia mlango wazi alipitishe. Mchungaji alitazama sakafu. Mzee alimtazama yeye, macho yakimwambia: sema, mwanangu, tumalize. Angelisema, kabla ya mchana mwili wake ungekuwa wake. Angelala. Aliufikiria usingizi kama mwenye njaa anavyofikiria nyama. Na pengine ingekuwa rehema kweli, pengine huo ndio upendo wenyewe, kumpa mtu alichokiomba kwa akili timamu. Alijisikiliza ili ajue ni nani ndani yake anayetaka kusema hapana, na hakumwona mtu. Aliona moto tu, umejaa kila chumba.

"Mnasema anayeungua asiulizwe," akasema polepole, kwa sababu kila neno lilipita kwenye meno. "Mkamtuliza mzee ili mumuulize. Sasa anayeungua ni mimi. Na mnaniuliza mimi."

Ofisa aliutazama tena utepe shingoni mwake.

"Nitakwambia ukweli, maana ndio peke yake nina hakika ni wangu. Nimemwombea afe. Jumapili, kanisani. Sikumwombea kwa ajili yake, nilijiombea mimi. Na kama uso wangu haukumwambia hivyo kila asubuhi, basi yeye ni kipofu, na si kipofu. Nataka afe. Kwa hiyo usinisikilize. Wala usimsikilize yeye, maana anasema ninayoyataka mimi."

Perpetua Mlay aliangalia mkoba wake kwa muda, kisha akafunga zipu yake taratibu.

"Ombi halina nguvu," akasema. Sauti yake ilikuwa imechoka pia. Labda ilikuwa imechoka tangu zamani. "Mzee, unaweza kuniita tena wakati wowote. Pole. Poleni wote." Mlangoni akasimama, akamgeukia Naelijwa. "Nimefanya kazi hii muda mrefu. Swali lile sijawahi kuulizwa. Sijui nani analijua jibu lake."

Akaenda zake. Walisikia gari lake dogo la umeme likiteremka, kimya, isipokuwa kokoto.

IV

Mzee Yoeli hakupaza sauti. Hilo ndilo lililouma.

"Nilitaka kukutua mzigo," akasema. "Ukakataa kutuliwa."

"Sikukataa, Mzee. Nilishindwa kudanganya."

"Uongo mmoja! Watu wanadanganya uzito wa tangawizi na bado wanapanga foleni kwenye Meza ya Bwana. Uongo mmoja wa kumsaidia mzee, ukaushindwa." Alipumua. "Haya. Vua."

"Mzee..."

"Nyumba hii ina sheria yake. Mgonjwa akisema vua, inavuliwa. Vua, Naelijwa. Yule mtume anatuambia tubebeane mizigo, halafu hata hajashuka ukurasa anasema kila mtu na furushi lake. Mmenisomea la kwanza tu. Nipe furushi langu."

Naelijwa alimtazama Mchungaji. Mchungaji aliitikia kwa kichwa, uso umefunikwa kwa mkono. Alifungua kifungo.

Moto ulimtoka kama maji yanavyotoka kwenye nguo inayokamuliwa, na mlio ule ukaanza. Alipiga magoti kando ya kitanda akashika mkono wa mzee, na mkono ule ulimbana mpaka vidole vikafa ganzi. Alinuia kukaa naye. Alinuia kusali, kumfuta jasho, kusikia kila kitu, kwa kuwa hilo lilikuwa dogo kabisa awezalo. Lakini mwili uliokuwa umenyimwa kwa muda mrefu namna ile haukumsubiri anuie. Kichwa chake kilianguka kwenye ukingo wa godoro, na akalala. Alilala huku mtu akilia juu ya sikio lake. Maisha yake yote yaliyobaki hakuweza kulieleza jambo hilo kwa mtu.

Alipoamka jua lilikuwa limeshavuka paa la kanisa, na mtu alikuwa amemfunika blanketi. Mchungaji alikuwa amekaa upande wa pili, nira mapajani, hajaivaa. Mzee Yoeli alikuwa macho. Shuka lilikuwa limetafunwa. Alikuwa akitetemeka mwili mzima, na sauti yake ilikuwa imebaki kama ya mlango.

"Umelala?" akauliza.

"Nisamehe."

"Nilimkataza huyu baba asikuamshe. Na asivae." Akasubiri, meno yakigongana, mpaka akaweza kuendelea. "Nilikuwa nimesahau, mwanangu. Kabisa. Nilipokuwa nasema nautoa uhai wangu kwa ajili yako, nilikuwa nasema kama mtu anayetoa koti siku ya jua. Sasa najua nilikuwa naomba nini. Nimemwita Mungu majina ambayo sijui kama ataniitikia tena."

"Ataitika," Mchungaji akasema.

"Wewe nyamaza, hukuyasikia yote." Mzee alifumba macho. "Tufanye hivi. Asubuhi, kiasi nitakachoweza, ni yangu. Wewe lala, ule, ukatembee huko shambani. Nikishindwa nitasema. Mchana na usiku ni zamu yako. Baba Mchungaji asivae tena kabisa, asije akazikwa kabla yangu."

"Na yule ofisa?"

"Nikimtaka nitamwita. Usije ukaenda kutoa ushuhuda kwamba mzee Yoeli amekishinda kishawishi. Sijasema nimeacha kutaka. Nimesema leo siiti mtu." Akanyoosha shingo yenye utepe, jasho likimeremeta kwenye mikunjo. "Sasa vaa, nakuomba. Nimefika mwisho wa furushi."

Naelijwa akavaa.

Ndivyo walivyoendelea. Asubuhi nyingine mzee alibeba mpaka uji ukapoa, nyingine hakumaliza hata kuvuta pumzi sawasawa kabla ya kupiga chuma cha kitanda kwa pete yake. Naelijwa alilala, akanenepa kidogo mashavuni. Mara mbili mzee alishika simu, akaitazama, akaiweka. Hawakuzungumza habari hiyo. Hasira ya mzee kwa Naelijwa ilipungua ila haikuisha. Siku nyingine alikuwa akimwita Shemasi badala ya mwanangu, naye alijua ni kwa nini.

Alikufa mvua za vuli zilipoanza kunyesha, mchana, Naelijwa akiwa jikoni anakoroga makande. Hakuna aliyemwita. Alikuwa ameinua mwiko tu, na moto ukazima. Haukupungua, ulizima, nyayo mpaka kisogo, na mahali ulipokuwa pakawa na ubaridi mtamu kama kivuli. Mwili wake ulifurahi. Ulifurahi waziwazi, kama mbwa, kabla yeye mwenyewe hajaelewa. Alisimama pale na mwiko mkononi akiwa amejaa raha mtu wake akiwa amekufa, na machozi yalipokuja hakujua ni ya kipi.

Alienda chumbani. Mzee alikuwa amegeukia dirishani, uso umetulia. Alikuwa amekwenda bila maumivu hata kidogo. Yote alikuwa nayo Naelijwa, mpaka la mwisho.

V

Kengele ililia. Kwaya iliimba nyimbo zote alizozitaja, na madereva wa zamani walikuja na malori yao ya kuendeshwa kwa mikono, wakapiga honi konani. Mchungaji alihubiri kwa ufupi. Hakusema mzee ameshinda. Alisema amefika, na akakaa.

Baada ya watu kutawanyika Naelijwa alikaa jikoni na bakuli la makande, akila kwa mkono mzito, bila kufikiri kitu. Hapo ndipo gari la wagonjwa lilipoingia getini. Hata kabla milango yake haijafunguliwa waliusikia ule mlio. Safari hii ulikuwa wa mwanamke, bado kijana, na katikati yake kulikuwa na sauti ya mtoto mdogo akiita mama, mama, kama anayemwamsha.

Mchungaji alikuwa amesimama mlangoni, bado na joho la mazishi. Alisikiliza. Kisha akaenda kwenye kabati ambamo nira zilikuwa zimeoshwa na kukunjwa, akatoa jozi moja, akaanza kuulegeza ukosi wake mweupe ili apate nafasi shingoni.

"Baba Mchungaji," Naelijwa akasema. "Weka chini."

"Wewe umechoka, Shemasi."

"Nimechoka. Nitavaa mimi, nikimaliza hili bakuli. Acha nile kwanza." Alitafuna, akameza. Hakuwa na hasira. Hata hasira ilitaka nguvu. "Lakini siwezi tena peke yangu, na wewe huwezi kabisa. Mpigie simu askofu."

"Nimwambie atutafutie wachukuzi?"

"Mwambie aje. Yeye, na wale wote walioinua mikono siku ya azimio la mkutano mkuu. Tulisema mtu asife kwa kuchoka, nami bado nasema hivyo. Basi waje wachoke. Mwambie huyu mama ana zamu mbili kwa siku. Ya kwanza ni yangu, ya pili ni ya askofu."

Huko nje milango ya gari ilikuwa imefunguka. Mchungaji Elifasi alimtazama, utepe wa kijivu ukining'inia mkononi. Kisha akaulaza mezani, kando ya bakuli, akaingiza mkono ndani ya joho akitafuta simu.

"Akiuliza ni nani amesema?"

"Mwambie ni Naelijwa Mbwambo, dada yake Elieza," akasema, akalisogeza bakuli karibu, akaendelea kula.